Wanamwita Mama Dionisia

Kilimarondo, 9 Februari 1952

Dada Dionisia,

Salaam zangu na za watoto zikufikie wewe na shemeji Kasmiri huko Ruangwa. Sisi hatujambo, ila nchi haijatulia.

Huku wameingia simba. Si wale wa zamani waliokuwa wakipita na kwenda zao. Hawa wanakuja mashambani na wanatafuta watu. Wiki iliyopita wamemchukua Swaumu, jirani yetu wa upande wa kisimani. Alikuwa anapalilia mahindi, jua limeshatoka, na mumewe yuko karibu tu, anamsikia anaimba. Akasikia wimbo umekatika. Alipogeuka aliona jembe, na mahindi yanatikisika kuelekea porini. Walichozika ni kidogo, sitaki kukiandika.

Kabla yake walichukuliwa watu wa Kiegei. Wengine wanasema tangu msitu wa upande wa Nachingwea ulipofyekwa ili walime karanga, nguruwe wamehamia huku na simba wamewafuata. Wengine wanasema mengine.

Eusebio, baba watoto, bado yuko kwenye mkonge, na barua zake ni za nadra. Niko peke yangu na watoto na mama. Ndiyo sababu nakuandikia. Naomba umchukue mama akae kwako mpaka tuvune. Miguu yake imechoka, ikipigwa kelele hawezi kukimbia. Na chakula hapa si kingi. Nyumba yenu ya mwalimu ina mlango wa mbao, ya kwangu ina mlango wa mabua. Shaibu, huyu anayepeleka barua zetu kwa baiskeli, yuko tayari kumpakia mama mpaka Nachingwea. Kutoka hapo atapanda lori la ufuta.

Usichelewe kujibu.

Mdogo wako,
Teodosia


Ruangwa, 27 Februari 1952

Mpendwa mdogo wangu Teodosia,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori, nami nimeisoma mbele ya Kasmiri. Tumesikitika sana. Nilimkumbuka Swaumu, yule aliyetuletea nyanya chungu siku nilipokuja kuwatembelea. Tumemwombea, ingawa hakuwa wa dini yetu.

Kuhusu mama, nyumba ya mwalimu si kubwa kama unavyoifikiria. Tuna vyumba viwili, na katika kimoja yupo wifi yangu aliyekuja kujifungua. Kasmiri hakukataa, lakini alinyamaza, nawe unajua mwanamume anaponyamaza ni nini. Tuache Pasaka ipite, wifi arudi kwao, ndipo tuone.

Kwa sasa fanya hivi. Zungushia nyumba miiba. Usiende shambani peke yako, nendeni kwa kundi na mtu mmoja asilime, asimame akiangalia. Mwambieni jumbe Yunusi apeleke habari bomani ili aletwe Bwana Nyama wa serikali, na bunduki yake. Hiyo ndiyo kazi yake. Na usiwasikilize wanaosema mengine.

Neno moja la mwisho. Nimeirudia barua yako na sikuona mahali ambapo mama mwenyewe ameomba kuja. Ulipoolewa ulisema mama atakaa kwako kwa sababu mimi sijui kukaa na watu. Sijasahau, ingawa sina kinyongo. Je, leo amekuwa mzigo? Kama kuna jambo jingine, liandike.

Dada yako akupendaye,
Dionisia


Kilimarondo, 15 Machi 1952

Dada,

Umesema kama kuna jambo jingine niliandike. Lipo.

Wanasema simba ni wa mama.

Ilianza msibani kwa Swaumu. Mama alikaa mkekani na wanawake wengine. Katikati ya kilio akainuka, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye yale mahindi, hana fimbo wala mtu wa kumfuata. Wanaume wenye mikuki walikuwa wanaogopa kufika hapo. Yeye akaingia, akakaa huko, kisha akatoka na kuja kuketi mahali pake kama mtu aliyetoka uani. Wanawake wakauhama mkeka mmoja mmoja. Akabaki Mwantumu peke yake, mke wa mzee Abdala. Yeye alimpa mama maji na akaendelea kuketi.

Sasa wanasema mtu asiyeogopa simba anajuana nao. Wanasema sisi ni watu wa ng'ambo ya Ruvuma, na huko kuna wanaotengeneza simba kwa nyasi na unga. Tumekaa hapa tangu tungali watoto, dada. Nilidhani wamesahau tulikotoka.

Na hapa hakuna anayelijua jina la mama. Wanamwita Mama Dionisia. Nimempikia, nimemfulia, nimemkanda miguu miaka yote hii, lakini kwa watu yeye ni mama yako wewe. Wakikaa vibarazani wanasema, Mama Dionisia amepita hapa, Mama Dionisia amemtazama mtoto wa fulani. Jina wanalolitaja ni lako, na wewe uko Ruangwa.

Jumbe ameshapeleka habari bomani. Bwana Nyama alikuja, akalala Kiegei, akapiga risasi fisi, akarudi. Eneo lake ni kubwa.

Jioni nikishamlaza mama, nafunga mlango wake kwa nje kwa kamba. Ni kwa usalama wake.

Mchukue.

Teodosia


Ruangwa, 31 Machi 1952

Teodosia,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Hao majirani siwashangai. Watu wakizika hawachagui maneno. Ninayemshangaa ni wewe. Umeandika, kwa mkono wako, kwamba unafunga mlango wa mama kwa nje. Mtu anayelindwa dhidi ya simba hufungiwa kwa ndani, pamoja na anayemlinda. Kwa nje anafungiwa yule anayeogopwa. Basi nijibu bila kuzunguka: je, wewe unaamini?

Mama anatoka bila woga kwa sababu amezeeka na akili inampotea. Mama mkwe wa mwalimu mmoja anayefundisha na Kasmiri alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anakwenda kuteka maji kwenye kisima kilichofukiwa zamani. Hakuna aliyesema ana simba. Wewe ulibatizwa. Ulikaa darasani kwa masista pamoja nami mpaka darasa la tatu. Ulijifunza nini?

Nilimsomea Kasmiri barua yako, ila si yote. Yale ya simba wa mama niliyaruka. Shule ina watoto wa watu, na habari ya namna hiyo ikifika hapa hatutakaa. Nielewe. Nilitaka kumwomba aandike bomani, lakini wakija askari kuwakamata majirani zako, wewe ndiye utakayebaki kuishi na ndugu zao.

Pasaka ikipita nitakuja mwenyewe. Mpaka siku hiyo, mfungulie mama mlango.

Dionisia


Kilimarondo, 14 Aprili 1952, Jumatatu ya Pasaka

Dada,

Darasani nilikaa mpaka la tatu kwa sababu baba alikufa, na mmoja wetu ilibidi arudi alime na mama. Wewe hukurudi. Hilo ndilo nililojifunza.

Umeuliza kama naamini. Sijui. Mchana siamini. Jua likizama najikuta nawasogeza watoto upande wangu, mbali na ukuta wa mama.

Juma takatifu niliamka kukikucha nikakuta kamba imefunguka. Mama alikuwa amesimama nje kwenye umande, kaniki imelowa mpaka magotini. Nyayo za simba zilikuwa zimezunguka nyumba. Zilipita pale pale aliposimama. Hakuguswa. Nilimuuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Akasema, "Nimerudi." Akaingia ndani akalala, akakoroma. Nilizifuta nyayo kwa ufagio kabla watu hawajapita, lakini mtoto wa jirani alikuwa ameshaniona.

Baada ya hapo jumbe Yunusi aliniita. Nilikuta wazee wamekaa, na mtu mgeni, mganga waliyemchangia atoke mbali. Jumbe akaniuliza, "Mama yako hulala ndani?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Neno dogo tu. Nilinyamaza, dada. Niliwaza watoto wangu, nikaiwaza ile kaniki iliyolowa, nikanyamaza. Wakatazamana. Mganga akasema, "Mtoto wake ameshajibu."

Watamnywesha mwavi, ile sumu ya kiapo, mwezi ukiandama. Wanasema kama hana hatia atautapika. Mama huyu, ambaye hata uji mzito unamkaba. Jumbe anajua serikali imeukataza. Anasema siku hiyo atakuwa na safari.

Usimtume mtu. Njoo wewe.

Teodosia


Ruangwa, 5 Mei 1952

Teodosia,

Naandika ili ujue kwamba tumefika, kwa kuwa hukutaka kutusindikiza hata mpaka njia panda.

Njia nzima kutoka Nachingwea nilikuwa najiuliza nitamkuta hai au nitakuta kaburi. Shaibu alikokota baiskeli mbele, mimi nyuma, na kila nyasi zilipotikisika tulisimama. Kisha nakukuta wewe uani unapukuchua mahindi. Nikauliza, "Mama yuko wapi?" Hukuinua macho. Ulisema, "Sijui. Kamuulize Mwantumu."

Hukujua kweli, au hukutaka kujua? Mwantumu aliniambia alimtoa mama nyumbani kwako ukiwa kisimani, akamficha kwake nyuma ya magunia ya mtama. Vijana walipokuja kumtafuta, mzee Abdala aliketi mlangoni na mkuki magotini akawaambia, "Ingieni, ila mtaanza na mimi." Mtu wa dini nyingine, wa kabila jingine, asiyetudai undugu. Nikamuuliza Mwantumu kwa nini amefanya hivyo. Alicheka kidogo. Akasema, "Ningefanyaje? Tulikaa mkeka mmoja msibani." Halafu akanishika bega: "Usimchukie mdogo wako. Amechoka kuogopa."

Najaribu. Lakini tulipokuja kukuaga ulisema neno moja tu: "Ni mama yako." Mama alikunyooshea mkono na wewe ukashika gunzi la mahindi.

Mama hajambo. Wifi amerudi kwao na mtoto, kwa hiyo mama analala chumba cha mbele, na mlango wake haufungwi kwa kamba. Mchana anamenya mbaazi na kuzungumza na kuku. Kasmiri anamwita bibi na kumletea sukari. Kila tukikaa kula anauliza, "Teo amekula?" Namwambia amekula.

Hakuna kitu, Teodosia. Ni mwanamke mzee tu. Nilitaka ulijue hilo.

Dionisia


Kilimarondo, 1 Juni 1952

Dada,

Nimepata barua yako. Yote uliyoandika ni kweli, sina la kupunguza.

Tangu mlipoondoka simba hawajaonekana. Mwanzo watu hawakuthubutu kusema. Siku zikapita, wakaanza kwenda shambani bila mikuki, watoto wakarudi kuchunga mbuzi. Sasa wanasema wazi. Wanawake wananisalimia kisimani kama zamani, wengine wananisaidia kujitwika. Jumbe Yunusi alinikuta njiani akasema, "Umetuponya, binti yangu." Nikasema, "Asante."

Nilifika nyumbani ndipo nikasikia nilichokisema.

Nimelala usingizi, dada, baada ya miezi. Ninaamka nimefurahi, halafu nakumbuka furaha hiyo ni ya nini, naogopa tena, lakini kwa namna nyingine. Mwantumu peke yake hasemi kitu. Anakuja, anakaa, anauliza habari za mama, anaondoka.

Nimempa Shaibu asali kidogo ya mama. Mwambie umeinunua.

Naomba kuuliza jambo moja, usikasirike. Huko kwako, anaamka saa ngapi?

Teodosia


Ruangwa, 22 Juni 1952

Mdogo wangu,

Asali imefika. Nimemwambia imetoka kwako, akailamba yote.

Umeuliza anaamka saa ngapi. Anaamka kabla ya jogoo. Anafungua mlango polepole sana, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuwasumbua wenye nyumba, anatoka. Mwezi wa tano nilidhani anakwenda msalani. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekwambia hakuna kitu.

Juzi simba amemchukua Augustino, mzee aliyekuwa akiilinda bustani ya shule. Si mbali na hapa, ni ng'ambo ya uwanja. Ruangwa hapajasikika habari ya simba mla watu tangu tuhamie. Walimu wanasema atakuwa ametokea bonde la mto akifuata nguruwe. Kasmiri anasema hivyo pia. Mimi naitikia. Asubuhi ile mama alirudi na nyasi kwenye kaniki.

Yaandike yote uliyoyaona, usinifiche. Siku ile ya nyayo, kaniki ililowa umande peke yake? Je, huwa anasema usingizini? Anaita mtu? Baba alipokufa, kuna kitu mama alikabidhiwa na wazee wetu wa ng'ambo, kitu ambacho mimi nikiwa shule sikukiona? Wewe ulikuwa naye, wewe ndiye unayejua.

Kasmiri simwambii. Fundi amenitengenezea kitasa, nimesema ni kwa ajili ya wezi. Namfungia mama jioni, na ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga yangu. Anagonga kidogo alfajiri, halafu ananyamaza. Nimekaa upande wa pili wa mlango namsikiliza anavyopumua, na ni mama yangu, na sithubutu kufungua.

Usimwambie mtu yeyote huko kwamba yuko kwangu. Tafadhali.

Dionisia


Kilimarondo, 6 Julai 1952

Dada,

Mwantumu amekufa.

Alikuwa anakata ufuta, mchana, watu wamejaa mashambani. Mzee Abdala alikuwa anafunga miganda, amempa mgongo. Simba alitoka upande wa mto akamshika, akamwachia watu walipopiga kelele, lakini alikuwa ameshamuumiza vibaya. Aliishi mpaka jioni. Nilikwenda. Aliniambia, "Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Basi." Hakusema tena.

Sasa nisikilize vizuri. Mama yuko kwako. Miguu ile haikuweza kutoka hapa hata kufika kijiji cha Marambo. Wiki moja simba amekula mtu Ruangwa, na wiki nyingine simba ameua Kilimarondo, na katikati ni nchi nzima ya pori. Mama amefungiwa kwa kitasa chako. Ni nani basi aliyemuua Mwantumu? Ni simba, dada. Ni mnyama. Walikwenda walikokwenda, wakarudi. Nimekaa nalo neno hili tangu mazishi na aibu inaniua. Ilibidi afe yule aliyemficha mama yetu ndipo nilielewe.

Na usidhani watu wa hapa wamelielewa. Wanasema mama aliponiacha aliniachia simba wake. Msibani kwa Mwantumu wanawake waliuhama mkeka niliokalia mimi. Mtoto wangu mkubwa amerudi kutoka kisimani na mtungi mtupu, wamemfukuza. Jana jioni mtu alirusha jiwe juu ya paa. Wale waliokuwa wakinisaidia kujitwika sasa wananiita Mama Dionisia. Jina lako limenifika na mimi.

Nilipoisoma barua yako nilidhani nimeiandika mwenyewe. Umande, kamba, kupumua upande wa pili wa ukuta. Ulinikemea vizuri mwezi wa tatu, nikakuchukia kwa sababu ulikuwa na haki. Leo nakurudishia maneno yako: mfungulie mama mlango. Mimi sikufungua, na siwezi kukueleza inavyokuwa baadaye.

Hakukabidhiwa kitu chochote. Nilikuwepo. Alikabidhiwa jembe na mimi.

Teodosia


Ruangwa, 19 Julai 1952

Mdogo wangu Teodosia,

Barua yako ilifika mchana. Niliisoma uani, nikaenda kufungua kitasa. Mama alikuwa amekaa kitandani amevaa kama mtu anayesubiri kuitwa. Akasema, "Na wewe unafunga." Hakulaumu. Alisema tu kama anayetaja hali ya hewa.

Nikamweleza Kasmiri yote, na yale niliyoyaruka. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Umekaa na haya peke yako tangu Kwaresima?" Kumbe kimya chake cha mwezi wa pili kilikuwa cha kuhesabu vitanda, si cha kukataa. Sikuwahi kumuuliza.

Tulikubaliana tusimzuie tena, tumfuate. Kulipoanza kupambazuka mama akatoka. Sisi nyuma yake, Kasmiri na panga na mimi na mwenge. Mwenge ulikuwa unamwaga cheche. Mama alipita uwanja, akafika mwisho wa shamba la shule, pale nyasi ndefu zinapoanzia. Akasimama. Akaweka mikono mdomoni akaita, kwa Kimakua, kwa sauti ile ya kuwaita watoto: "Dionisia. Teodosia. Ingieni ndani, kuna simba."

Akasikiliza. Akasogea mbele kidogo, akaita tena.

Teo, anatutafuta sisi. Amekuwa akitutafuta sisi siku zote hizi. Akisikia simba ananguruma, au akisikia watu wanalia, anaona wanawe wamebaki nje. Tulisema haogopi. Anaogopa kuliko sisi wote, na anatoka hivyo hivyo.

Nikamshika mkono. "Mama, unamwita nani?"

"Wanangu. Wamebaki nje."

"Mimi ndiye Dionisia."

Akanikazia macho, akatikisa kichwa. "Wewe ni mtu mzima. Dionisia wangu bado mdogo." Halafu akanishika kwa nguvu. "Nisaidie kumtafuta mdogo wake. Yule ana woga."

Kasmiri alisikia kitu kwenye nyasi kabla yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Rudini, msigeuze mgongo." Tulirudi kinyumenyume, mama katikati yetu, anaendelea kuita majina yetu, na kitu kile ndani ya nyasi kikitembea tulipotembea na kusimama tuliposimama. Sijui tulifikaje mlangoni. Asubuhi nyayo zilikuwa mpaka kwenye ngazi.

Safari hii Bwana Nyama alikuwa Nachingwea, amekuja na kukesha juu ya dungu la miti, amemuua yule simba. Ni dume mzee. Alichomwa na miiba ya nungu kwenye taya, imeoza ndani, hawezi tena kushika nyati wala nguruwe. Watu wote walikuja kumtazama. Mimi nilikwenda nikatazama lile taya kwa muda mrefu. Nilitaka kuhakikisha.

Sasa njoo. Chukua watoto, acha mavuno, acha nyumba. Huko hakuna tena mtu wa kuketi mlangoni na mkuki kwa ajili yako, isipokuwa mzee Abdala, naye ana msiba. Usingoje Eusebio, nitamwandikia mkongeni. Kasmiri ameshaanza kukata fito za kuongeza chumba. Mama anauliza, "Teo amekula?" na mimi nimechoka kumdanganya.

Nilikuachia mama, nikakuachia na hofu yote, halafu nikakutumia mawaidha. Njoo tugombane uso kwa uso.

Dada yako,
Dionisia


Nachingwea, 30 Julai 1952

Dada,

Tumefika Nachingwea, tuko nyumbani kwa Shaibu. Lori la leo limejaa magunia, tutapanda la kesho. Barua hii naitanguliza kwa dereva.

Tuliondoka Kilimarondo asubuhi, mbele ya watu wote. Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetuaga. Jumbe Yunusi alisimama mlangoni kwake, akaangalia chini tulipopita. Mzee Abdala alikuja na mkuki wake akatembea mbele yetu. Nilimwambia, "Mzee, wewe uko msibani, rudi." Akasema, "Mwantumu angenituma." Alitufikisha Marambo, tukalala huko, asubuhi akatuombea dua, akarudi peke yake. Nilisimama namtazama mpaka miti ikamficha. Simba wa Kilimarondo bado hawajauawa, na yeye anapita huko huko akiwa na mkuki mmoja. Sijui kama amefika.

Watoto njia nzima walikuwa wanaogopa simba. Mimi nilikuwa naogopa mlango wako. Nilimwona mama akininyooshea mkono, nikashika gunzi. Nimelala na mkono ule kila siku tangu siku ile. Sasa najua kwamba siku zile nilizokuwa nafunga kamba, yeye alikuwa ndani anawaza jinsi ya kutoka aje aniokoe.

Umesema hakukujua. Basi na mimi hatanijua, ataona mwanamke amekuja na watoto na mzigo kichwani. Pengine ni afadhali. Sitamwambia mimi ni nani. Nitapiga magoti, nitamwambia, mama, yule mdogo mwenye woga amepatikana. Yuko hai. Nimemleta.

Teodosia